Sahihi ya Uyoga

Hakuna mtu wa Malindi anayemwambia jirani yake "jambo". Ukitoka nyumbani asubuhi pale Maweni ukamkuta mama anakaanga mahamri, utamwambia hujambo, ama za asubuhi, ama utamwamkia shikamoo kama umri unadai hivyo, kisha usubiri marahaba yako. Na wenzako ni vipi, ni mambo, ni niaje. "Jambo" likiwa peke yake, limevuliwa kile kiambishi cha mbele na kuachwa uchi, ni neno la getini kwa hoteli. Tunalitoa tukiona ngozi nyeupe na kofia ya majani, na hapa Malindi hata hilo limepitwa siku hizi, maana watoto wa huku wakimwona mzungu yeyote wanapiga kelele "ciao!" bila kujali kama ametoka Milano au Manchester.

Ndo maana wimbo wa "Jambo Bwana" una shida kwetu. Dunia nzima inaujua. Ukienda nje ukasema umetoka Kenya, kuna mtu atakuimbia huku anatikisa mabega. Lakini sijawahi kuusikia kwenye harusi ya Kijiriama, wala kwenye matatu ya kwenda Kilifi, wala kwenye mangwe tukinywa mnazi. Rika langu linauita wimbo wa wazungu na mjadala unaishia hapo. Mimi nasema ni kazi ya pop iliyotengenezwa kwa akili nyingi kuliko tunavyotaka kukubali. Nasema pia ina upungufu, na si mdogo. Tena kuna kitu ndani yake ambacho waliouchukua baadaye walikitoa, na hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Kwanza aliyeutunga. Anaitwa Teddy Kalanda Harrison, na alifariki mwaka 2024. Habari ilipotoka, mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp aliuliza, "Kwani ule wimbo ulikuwa na mwenyewe?" Hakuwa anafanya mzaha. Watu wengi wanadhani "Jambo Bwana" ni kitu cha kienyeji kisicho na mtunzi, kama vitendawili, kama mvua. Wimbo ukifika mahali watu hawaamini kwamba kuna mtu alikaa chini na gitaa akautafuta, huo ni ushindi wa ajabu kwa mtunzi. Ni hasara pia, maana kitu kisicho na mwenyewe kila mtu anajichotea.

Kalanda alikuwa kiongozi wa Them Mushrooms, bendi iliyozaliwa Mombasa. Kabla ya jina hilo iliitwa Avenida Success, jina ambalo lingefaa zaidi duka la suti. Ilikuwa bendi ya ndugu: Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro, John Katana, Dennis Kalume, wote wakina Harrison. Toa hilo jina la kizungu la mwisho, kisha nenda Kaloleni au Ganze siku ya soko uite kwa sauti Kalume, Katana, Ziro. Watageuka watu kumi. Hawa ni Wamijikenda, watu wa huku. Mimi naishi Kilifi, nimesoma shule za Kilifi, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba wimbo wa Kenya unaojulikana zaidi duniani, labda ukiacha "Malaika" peke yake, umetungwa na mtu mwenye jina kama letu.

Kazi yao ilikuwa hoteli. Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu watu wakisikia "bendi ya hoteli" wanafikiria kitu cha chini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege za kukodi zilikuwa zinashusha Wajerumani, Waswisi na Waingereza Mombasa, na ufuo wote kuanzia Diani hadi Malindi ulikuwa unaota hoteli. Kwa mwanamuziki wa Pwani, hoteli ilikuwa ndo mshahara. Studio na kampuni za santuri zilikuwa Nairobi, redio ilikuwa Nairobi, sisi tulikuwa na bwawa la kuogelea na wazungu waliochomeka jua. Ulipiga unachoombwa, saa nne au tano kwa usiku, ukavumilia mlevi anayetaka kushika maikrofoni.

Kalanda mwenyewe alieleza kwenye mahojiano kwamba wimbo ulimjia kwa kuwatazama watalii wakihangaika kujifunza Kiswahili cha salamu. Akayachukua maneno yale yale waliyokuwa wakiyatafuta, akayawekea tuni. Ukaitoka studio ukiwa santuri mwaka 1982, na kufikia 1987 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala 200,000, idadi ambayo kwa soko la Kenya la wakati ule ni kubwa mno.

Sasa sikiliza vile umejengwa. Tuni nzima inakaa juu ya ile milio mitatu ya gitaa ambayo mwanafunzi hufundishwa wiki ya kwanza. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea mchangani bila haraka. Kila msemo ni mfupi kiasi cha kuingia kwenye pumzi moja, na kila swali lina jibu lake hapo hapo, likifuatwa na kurudia. Kiongozi anatoa, wengine wanapokea, kama ngoma yoyote ya huku. Ukifika mara ya pili ya kibwagizo, mtu ambaye jana alikuwa Düsseldorf tayari anaimba Kiswahili, na anaimba bila kukosea. Hiyo ni kazi ya mwalimu wa chekechea aliye hodari. Jaribu wewe kutunga wimbo ambao mtu asiyejua hata neno moja la lugha yako atauimba wote ndani ya dakika tatu na aukumbuke miaka 40. Nimejaribu. Nilipata ubeti mmoja na kichwa kikauma.

Kuna jambo la sarufi pia ambalo walimu wa Kiswahili hulalamikia. Anayeulizwa habari kwenye wimbo anajibu kwa kiambishi cha mtu, M, pale ambapo habari zinataka N. Wengine wanasema ni kosa. Mimi nasikia sikio zuri. Hicho ndicho Kiswahili cha korido ya hoteli, kile walowezi walikiacha nyuma na watalii wakakiokota, na Kalanda alikiandika kama alivyokisikia. Angekisahihisha kingekuwa wimbo wa kitabu.

Hebu twende Sweden kidogo, nitarudi. Mwaka 1974 kikundi cha ABBA kilishinda shindano la Eurovision pale Brighton na wimbo unaoitwa "Waterloo", ulioimbwa kwa Kiingereza na Waswidi wanne. Mmoja wao, Agnetha Fältskog, alikuwa tayari nyota kwao akiimba Kiswidi kabla kikundi hakijakuwepo. Wakaamua kwamba dunia haiwezi kujifunza Kiswidi, basi wao watajifunza dunia. Kiingereza chao kilikuwa chepesi, maneno ya kila siku, mengine yamepinda kidogo, na wahakiki wa wakati ule waliwacheka sana: muziki wa plastiki, muziki wa kuuza. Leo wana jumba lao la makumbusho Stockholm, lililofunguliwa 2013, watu wanalipa kuingia kuona nguo zao za jukwaani. Hakuna Mswidi anayeona aibu kwamba walitunga kwa ajili ya wageni. Wanauita ustadi, na wameufanya biashara ya taifa.

Nawataja kwa sababu tukisema "Jambo Bwana" si sanaa kwa kuwa umetungiwa wageni, tutalazimika kutupa nusu ya pop yote ya dunia. Pop ni sanaa ya kumfikiria mtu usiyemjua. Lakini nikiwaweka ABBA na Kalanda pamoja naona tofauti moja ambayo inaniuma. Wale waliazima lugha ya mteja wakaimbia mambo yao wenyewe, mapenzi yao, hata talaka zao. Kalanda aliichukua lugha yake mwenyewe akaikatakata vipande vidogo ili mteja aweze kumeza. Wao walipanua kinywa, yeye alipunguza chakula.

Na huo ndo upungufu ninaousema. Ndani ya "Jambo Bwana" kuna mgeni, na mgeni anakaribishwa, anaulizwa hali, anahakikishiwa kwamba nchi haina matata. Mwenyeji yuko wapi? Anayekaribisha hana jina, hana nyumba, hana njaa, hajalala vibaya, mtoto wake hajarudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Ni sauti tu yenye tabasamu. Kwenye adabu zetu kukaribisha si hivyo. Mgeni akija Kilifi anaulizwa ametoka wapi, watu wa huko wazima, na yeye pia atauliza, na utamjibu mvua haijanyesha, ng'ombe mmoja amekufa, lakini tunamshukuru Mungu. Salamu ya Mmijikenda inaweza kumaliza dakika kumi na ndani yake taarifa zote za mwaka zimepita. Kwenye wimbo hakuna pa kuyapitishia hayo. Ufuo ambao mgeni anakaribishwa una njia za wavuvi zilizozibwa kwa kuta, una kesi za ardhi zisizoisha. Ukimtajia mzee yeyote wa Watamu jina la Chembe Kibabamche, atakueleza mpaka chai ipoe.

Najua utaniambia, si ni wimbo wa kucheza tu? Ni kweli. Sidai Kalanda angeimba kesi za ardhi mbele ya bwawa la kuogelea. Angefukuzwa kazi usiku huo huo, na familia yake isingekula. Nasema tu kwamba sharti hilo liko ndani ya wimbo na linasikika. Maneno "hakuna matata" yanakuja mara nyingi mno. Mtu asiye na matata hana haja ya kuyasema mara zote hizo.

Halafu kuna uyoga.

Kwenye toleo la Them Mushrooms wenyewe, baada ya salamu na makaribisho, kunaingia utani kuhusu uyoga. Mtalii hana habari, anaendelea kutikisa mabega. Anayejua Kiswahili anashtuka: uyoga umetoka wapi? Tulikuwa tunasalimiana. Anaweza kuuelewa kama mboga, maana huku uyoga huota baada ya mvua na watu wanauchuma. Anaweza kuuelewa kama ule mwingine unaopindua akili, ambao baadhi ya wale watalii wenye nywele ndefu walikuwa wanaujua vizuri kuliko sisi. Na kama anajua jina la bendi, anacheka, kwa sababu uyoga ni wao. Them Mushrooms. Wamejipenyeza kwenye wimbo wao wenyewe. Pale ambapo mwenyeji hakuwa na jina, wameliweka, kwa lugha ambayo mteja hataielewa, na wakaongeza kwamba na wao pia hawana shida.

Kwangu hiyo ndo sehemu bora ya wimbo mzima. Watunzi wa mashairi wa Pwani walikuwa na desturi ya kuweka majina yao kwenye ubeti wa mwisho, wataje na mtaa wanaotoka, ili msomaji wa kesho asiulize. Sijui kama Kalanda aliliwaza hilo, na sihitaji. Nasikia tu mtu aliyeagizwa atengeneze tabasamu akaficha ulimi ndani ya shavu.

Sasa fuata safari ya wimbo uone uyoga ulivyokwenda. Mwaka 1983 Boney M, kikundi cha Ujerumani kilichotengenezwa na Frank Farian, walitoa wao "Jambo – Hakuna Matata". Kinang'aa, kimejaa ala, Kiingereza kingi, na uyoga haumo. Safari Sound Band, Mombasa Roots, na bendi za hoteli zisizo na idadi wakawa na yao. Matoleo mengi yanayouzwa kwa watalii kwenye santuri na kanda, na sasa kwenye intaneti, yamebaki na salamu na nchi nzuri tu. Naelewa sababu yake. Kama unatengeneza kitu cha kumpa mgeni abebe nyumbani, utaondoa kila kinachohitaji maelezo. Kwa hiyo kilichoenea duniani ni ile nusu ya mteja. Ile nusu ya mwenyeji, yenye utani, ilibaki kwenye santuri ya kwanza.

Mwaka 1994 ikaja filamu ya Disney, The Lion King, na wimbo mwingine kabisa wa Elton John na Tim Rice uliobeba maneno hayo mawili kama jina. Mwaka huo huo Disney waliomba kuyasajili Marekani kama alama ya biashara, na mwaka 2003 wakasajiliwa. Watu waligundua vizuri mwaka 2018, pale mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala, alipoanzisha ombi la kuwataka waiachie, na makumi ya maelfu wakatia sahihi. Nilikuwa sekondari, na nakumbuka hasira za mtandaoni. Kuna waliodhani tutakamatwa tukisema maneno hayo. Haiko hivyo. Alama ya biashara inawazuia wengine kuuza fulana zenye maneno hayo kwenye soko lile, haimzuii bibi yako kuongea. Lakini kuna kitu kilinishangaza kwenye ule mjadala: tuligombania maneno mawili ambayo hayajawahi kuwa ya mtu mmoja, ni ya lugha, na tukamsahau mtu aliyeyapeleka duniani kwa tuni miaka 12 kabla ya simba wa katuni. Alikuwa hai. Angeweza kupigiwa simu.

Haki ya mtunzi ni kitu kingine na alama ya biashara, na hii inagusa mifuko yetu moja kwa moja. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda utunzi wa muziki kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Piga hesabu: "Jambo Bwana" una mwenyewe kisheria hadi mwisho wa 2074. Nitakuwa mzee wa meno mawili. Kila hoteli inayopiga muziki hadharani inatakiwa kulipia leseni, na leseni hiyo ndiyo inayotakiwa kufika kwa watunzi.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, ada ikiwa imenishinda, nilipata kazi ya kubeba spika na nyaya za bendi moja inayopiga hoteli za Malindi na Watamu. Watu watano na mimi wa sita. Tulikuwa tunapiga "Jambo Bwana" kila usiku, mara nyingine mara mbili, na usiku wa kuwasili wageni wapya mara tatu. Hoteli moja ilitukalisha wiki sita bila malipo, kisha ikatulipa nusu na kusema msimu ulikuwa mbaya. Hakuna aliyetia sahihi karatasi yoyote, si ya malipo wala ya orodha ya nyimbo tulizopiga. Na bila orodha ya nyimbo, hata hela ya leseni ikilipwa, itajuaje pa kwenda? Mpiga besi wetu, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, aliniambia siku moja tukifunga vyombo, "Mwanangu, huu wimbo umelisha watu wengi sana. Mimi umenisomeshea watoto wawili. Lakini sijawahi kuona mtu akiandika kwamba tumeupiga."

Maneno ya mzee yule ndiyo yaliyonifanya niache kuvumilia mazungumzo ya aibu. Vijana wanaosema wimbo wa wazungu ni wale wale ambao ada zao zimetoka kwenye wimbo huo, kwa mjomba mpishi, kwa shangazi anayesuka nywele ufuoni, kwa kaka anayeendesha boti za kwenda kuona pomboo. Msimu ukianguka tunajua wote. Mwaka 2014 nchi za magharibi zilipotoa maonyo ya usafiri, na 2020 ndege ziliposimama, mji huu ulikaa kimya hivi kwamba ungesikia mnazi ukidondosha kuti.

Na kama unataka kuuhukumu ustadi wa wale ndugu, basi usiwahukumu kwa wimbo mmoja. Mwaka 1987 walihamia Nairobi, wakapiga rege, chakacha, rhumba, wakaimba "Nyambura", ambao kwa maoni yangu una mahaba yote ambayo "Jambo Bwana" haukuruhusiwa kuwa nayo. Walifanya kazi na Malika, sauti kubwa ya taarab. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifanya kitu ambacho nakihesabu kuliko mauzo yote: walimrudisha studio Fundi Konde.

Kama humjui, huyo ni Mgiriama wetu aliyezaliwa 1924, aliyekwenda Burma wakati wa Vita vya Pili akiwa na kikosi cha burudani cha jeshi, akarudi na kurekodi nyimbo zilizotawala miaka ya 1940 na 1950, "Tausi" ukiwa mmojawapo. Gitaa lake lina utulivu wa mtu anayeongea na wewe tu. Baadaye akanyamaza, akaishi miaka mingi bila jina lake kusikika. Vijana wa bendi ya hoteli ndio waliomtafuta na kupiga naye nyimbo zake upya, akiwa mzee. Mwaka 1994 kampuni ya RetroAfric ya Uingereza ikakusanya rekodi zake za zamani kwenye albamu. Alifariki mwaka 2000, akiwa amesikika tena. Watu wanaodhaniwa waliuza utamaduni kwa watalii ndio walioenda kuuokota pale wengine tulipouacha.

Nikizisikiliza nyimbo za Fundi Konde kisha nikarudi kwa "Jambo Bwana", nasikia undugu. Ule mwendo usio na haraka, ule ukavu wa utani, ile tabia ya kutopaza sauti. Ni Kilifi hiyo. Fundi Konde aliimbia watu waliokuwa wanamwelewa, kwa hiyo aliweza kuweka ajali na kifo na mwanamke mkaidi. Kalanda aliimbia watu wasiomwelewa, akapata nafasi ya uyoga peke yake.

Kaloleni nimepita mara nyingi na sijaona barabara, ukumbi wala kibao chenye jina la Teddy Kalanda. Sitaki makumbusho kama ya Stockholm, sisi hata kibao cha kituo cha matatu kinaibwa. Ningetaka tu kwanza ile rekodi ya awali isikike, yote, na bendi za hapa zianze kuipiga yote.

Mwezi uliopita nilikuwa Watamu kumsikiliza dada mmoja anayeimba na kibodi na gitaa, sauti nzuri, ya kutosha kujaza ukumbi bila maikrofoni. Wakati wa mapumziko nilimuuliza kama anaijua sehemu ya uyoga.

"Kuna uyoga, kaka?"

Nikampa simu na visikilizi. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja sikioni, kisha akaanza kucheka, akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Akaniuliza hao wakina nani. Nikamwambia majina. "Ati Kalume na Katana? Hawa si wa kwetu?" Meza ya mbele tayari ilikuwa inagonga glasi, mzee mmoja wa kizungu akipaza sauti, jambo, jambo. Dada alirudisha simu, akapanda jukwaani, akainama kwa mpiga kibodi na kumuuliza kitu sikioni. Mpiga kibodi akatikisa kichwa. Haijui. Wakaupiga bila.